Barua ya wazi kwa wakuu wa ustawi wa watoto: Mtoto kutuzoea si sababu ya kumwondoa

Kwenu wakuu wa idara ya ustawi wa watoto, na kwenu waheshimiwa mahakimu mnaoketi kuamua mashauri ya watoto,

YAH: MTOTO ALIYEONDOLEWA KATIKA ULEZI WETU

Tunawaandikia hadharani kwa sababu barua tulizowaandikia faraghani hazijajibiwa. Hatutamtaja mtoto kwa jina, wala mama yake, wala afisa yeyote. Anayehusika ataitambua habari hii akiisoma, na asiyehusika hana haja ya kujua zaidi. Mtoto huyu atakuwa mtu mzima siku moja, na hatutaki aikute habari ya utoto wake imetapakaa huku na huku ikiwa na jina lake.

Ni ninyi mliotuletea mtoto huyu. Alikuwa hajaanza kutembea. Mlitukabidhi na mfuko mmoja wa nguo, kadi ya chanjo isiyo kamili, na maelezo ya mdomo kwamba atakaa kwa muda, hali ya kwao ikitengemaa atarudi. Tulikubali hivyo, na mpaka leo msimamo wetu haujabadilika. Hatukuja kwenu kutafuta mtoto wa kuasili. Tulihudhuria mafunzo, nyumba yetu ikakaguliwa, majirani wakaulizwa habari zetu, ndipo tukapewa kibali cha kuwa wazazi walezi. Huo muda mfupi ukarefuka kwa sababu zilizomo kwenye majalada yenu, sisi hatuna mkono ndani yake. Kwetu ndiko alikopiga hatua ya kwanza. Alipoondoka alikuwa anavaa viatu mwenyewe, mara nyingi cha kulia mguu wa kushoto, na ole wako umrekebishe.

Sababu ya kumwondoa tulielezwa mlangoni, kwa mdomo, wakati nguo zake zinafungwa: kwamba amewazoea kupita kiasi, nanyi mmemzoea kupita kiasi. Tumeuliza mara nyingi kama kuna jambo jingine. Kama kuna anayedai kwamba tulimdhuru au tulimnyima kitu, hilo ni jambo zito, na tungetaka lichunguzwe mpaka mwisho, sisi tukiwa wa kwanza kuhojiwa. Hakuna aliyesema hivyo. Tulichoambiwa ni kwamba mtoto analia anapoagana na mama yake na kurudi kwetu, na analia tena anapoachana nasi kwenda kuonana naye; kwamba anatuita baba na mama; na kwamba hali hiyo itampa shida siku ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo akapelekwa kwa familia nyingine ya walezi, watu asiowajua kabisa, angoje huko.

Yaani ili asipate tabu ya kuachana na watu mara moja, ameachanishwa nao sasa, na ataachanishwa tena na hawa wapya siku mama yake atakapokuwa tayari. Hesabu hiyo tumejaribu kuielewa, tumeshindwa.

Hoja ya walezi kupenda mno si ngeni. Mwaka 1959 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, Marekani, iliamua shauri la msichana mdogo aliyekuwa na walezi wake tangu akiwa na umri wa miezi 13. Wakala uliomweka pale ulitaka kumwondoa kwa sababu walezi walikuwa wamempenda mno na kutaka kumwasili, ilhali walikubali kumlea kwa muda. Mahakama iliukubalia wakala, na ikautaja upendo wa wale walezi kuwa moja ya sababu. Uamuzi haukuwa wa kauli moja. Walikuwapo majaji walioupinga. Tunaukumbusha kwa sababu zimepita zaidi ya miaka 60, na maneno tuliyoambiwa mlangoni kwetu yangeweza kunukuliwa kutoka kwenye jalada lile.

Hata wakati ule, waliokuwa wakiwatazama watoto kwa karibu walikuwa wameshaona jambo jingine. Mjini London, James Robertson, aliyefanya kazi pamoja na daktari John Bowlby, alikaa kwenye wodi za hospitali akiwatazama watoto wadogo waliotenganishwa na watu wao. Aliona hatua tatu. Kwanza mtoto hulia, hugoma, hutazama mlango. Kisha hukata tamaa: kilio hupungua, hula kidogo, hukaa kimya. Halafu huja hatua iliyowadanganya wauguzi kwa miaka mingi. Mtoto hutulia, huanza kucheza, huwachekea watu wote, na kila mmoja husema, huyu sasa ameshazoea. Lakini mtu wake akija, hamkimbilii. Humgeuzia uso, au humtazama kama anavyomtazama mgeni yeyote.

Hapa tunawaomba msituharakishe. Afisa wenu mmoja, kwa nia njema kabisa, alitupigia simu kututoa wasiwasi. Alisema siku za mwanzo mtoto alisumbua, sasa hasumbui tena. Anakula. Halii usiku. Na ana uchangamfu, alisema, maana anamwendea mtu yeyote anayemnyooshea mikono, hata aliyekuja kusoma mita. Tulimshukuru kwa kupiga simu. Baada ya hapo tulikaa kimya, tukatazamana. Mtoto tuliyemlea sisi alikuwa akijificha nyuma ya miguu yetu mgeni akiingia, akichungulia, na ilimchukua muda mrefu kukubali hata kusalimia. Hivyo ndivyo anavyofanya mtoto anayejua watu wake ni nani. Mtoto wa umri wake anayemwendea kila mtu huenda amechangamka kweli. Huenda pia ameacha kutarajia kwamba kuna mtu wake. Sisi hatuwezi kuamua ni lipi kati ya hayo kwa simu, na afisa yule hawezi kuamua kwa ziara ya nusu saa. Yuko anayeweza: mtaalamu wa makuzi ya watoto wadogo. Mpaka sasa, kwa kadiri tulivyoelezwa, hajaitwa.

Huko Bucharest, Romania, watafiti walianza mwaka 2000 kuwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika vituo vya kulelea watoto. Baadhi yao walipelekwa kwa familia za walezi zilizoandaliwa kwa kazi hiyo. Waliopata familia walipiga hatua kuliko waliobaki vituoni, na kwa mambo mengi waliopata mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, walinufaika zaidi. Walezi wale hawakuambiwa wampende mtoto kwa tahadhari. Walihimizwa wajitoe kwake kama mtoto wao wa kumzaa. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Nanyi mlipotufundisha kazi hii, tunakumbuka, mlituambia vivyo hivyo: mkumbatieni, mwitikieni anapolia, awe na mtu mmoja wa kumkimbilia. Tulifanya mlilotufundisha. Leo ndilo kosa letu.

Sasa tuseme juu ya mama yake, maana tukimruka itaonekana tunamkwepa.

Afisa mwingine alitukatiza kwa methali: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hatubishani naye. Mama wa mtoto huyu ana haki ya kumpata mwanawe akiwa tayari, na sisi tulikuwa tukimsubiri pamoja na mtoto. Hali ilipoanza kumwendea vizuri alikuwa akija kumwona mtoto hapa nyumbani kwetu, kwa ruhusa yenu. Alikuja kujua mtoto anavyolazwa, wimbo upi unamtuliza, sikio lipi halisikii vizuri. Mara ya mwisho alimwogesha mwenyewe, sisi tukiwa chumba cha pili. Kilio cha kuagana tulikiona sote. Mtoto mdogo anayewapenda watu wawili hulia kila mmoja wao anapotoka. Haimaanishi kwamba amemkataa mama. Tungekuwa na wasiwasi kama angekuwa halii kwa yeyote.

Baada ya mtoto kuhamishwa, mama alitupigia simu sisi kuuliza mwanawe yuko wapi. Hatukuwa na jibu, maana hata sisi hatukuambiwa. Baadaye alijulishwa, na sasa safari ya kumwona ni ndefu kuliko ya awali na anaonana naye kwa nadra. Hatua iliyochukuliwa ili kumlinda mama asipoteze nafasi yake imemweka mama mbali zaidi na mtoto. Kwa idhini yake tunaliandika hili.

Mnaweza kusema kwamba mlezi ni mlezi, alijua tangu mwanzo kwamba mtoto si wake. Ni kweli, na sheria nyingi zinasema hivyo. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoulizwa kuhusu haki za familia walezi, ilikumbusha kwamba uhusiano huo unazaliwa na makubaliano na serikali, na haikuzipa familia hizo haki zote zilizoombwa. Lakini mahakama hiyo hiyo ilikiri kwamba vifungo vya moyo vinavyotokana na kuishi pamoja kila siku havipuuzwi, na kwamba familia ya namna hiyo haiwezi kuchukuliwa kama kundi tu la watu wasiohusiana.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2010, katika shauri la Moretti na Benedetti dhidi ya Italia, ilisikiliza habari za mke na mume waliompokea mtoto akiwa na umri wa mwezi mmoja wakakaa naye miezi 19. Walikuwa wameomba kumwasili. Kabla ombi lao halijachunguzwa ipasavyo, mtoto akapelekwa kwa familia nyingine. Mahakama ilisema kifungo kati yao na mtoto kilikuwa maisha ya kifamilia yanayostahili ulinzi, na kwamba Italia ilikosea kwa kutoliangalia ombi lao kwa makini. Mwaka 2012, katika shauri la Kopf na Liberda dhidi ya Austria, walezi wa zamani waliomba tu ruhusa ya kumtembelea mtoto aliyerudi kwa mama yake. Ombi lao lilikokotwa zaidi ya miaka mitatu. Muda wote huo mtoto alikuwa anakua bila wao, kifungo kinakatika, na hatimaye kukatika kwake kukawa sababu ya kuwanyima. Mahakama ilikubali kwamba kufikia hapo uamuzi wenyewe ulikuwa na msingi, lakini ikaitia Austria hatiani kwa kuchelewa.

Shauri hili la pili ndilo linalotunyima usingizi. Hakuna haja ya kukataa ombi la mlezi. Inatosha kulichelewesha. Kwa mtu mzima miezi michache ni miezi michache. Kwa mtoto ambaye umri wake wote unahesabika kwa miezi, ni sehemu kubwa ya maisha. Jalada likikaa mezani, muda wenyewe unatoa uamuzi, na hakuna wa kuukatia rufaa.

Hatuombi upendeleo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika ibara ya 20, unataka izingatiwe kwamba malezi ya mtoto aliye nje ya familia yake yasikatwekatwe. Ibara ya 25 inampa haki ya hali yake kupitiwa mara kwa mara. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, uliopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, unasema wazi kwamba kumhamisha mtoto mara kwa mara kunaharibu makuzi yake na uwezo wake wa kujenga mahusiano, kwa hiyo kuepukwe. Kwamba mtoto aandaliwe kabla ya kila mabadiliko. Kwamba aliye katika malezi ya muda hali yake ipitiwe, ikiwezekana, angalau kila baada ya miezi mitatu. Na kwamba walezi wapewe nafasi ya kusikika. Mtoto wetu hakuandaliwa. Aliambiwa anakwenda kutembea.

Na yeye mwenyewe hajasikilizwa. Mtasema bado hajui kuongea vizuri. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilishalijibu hilo mwaka 2009: ibara ya 12 ya mkataba ule, inayompa mtoto haki ya kusikilizwa, haina umri wa chini, na maoni ya mtoto asiyeweza kusema yatafutwe katika mchezo wake, mwili wake, uso wake na michoro yake. Anayeweza kuyasoma hayo ni yule aliyeishi naye. Mtoto huyu akitaka kulia anashika sikio kwanza. Akiogopa anakwenda kusimama pembeni ya kabati, si nyuma yake. Anaficha chakula chini ya mto, tabia aliyokuja nayo, na ukimnyang'anya atalala macho; ukimwachia, baada ya muda anaacha mwenyewe. Ukifunga mlango wa bafu anapiga kelele, na tulichukua muda mrefu kugundua kwamba hofu yake ni mlango, maji hayamsumbui. Dawa ya kifua anapewa usiku kabla hajasinzia, akisinzia hainywi. Je, hao walezi wapya wanayajua haya? Mgonjwa akihamishwa hospitali hupewa karatasi ya rufaa. Mtoto huyu alihamishwa na mfuko wa nguo. Tuliomba namba ya simu ya familia ile tuwaeleze tunayoyajua, tukajibiwa kwamba ni siri. Basi tukaomba tuwaandikie kupitia ofisi yenu. Daftari la dawa na mazoea yake tuliliwasilisha, na hatujui kama liliwahi kutoka kwenye meza lilipowekwa.

Hatuna neno baya juu ya hao walezi wapya. Huenda wanahangaika usiku na mlango wa bafu wasijue kwa nini, na kosa si lao.

Kuna jambo jingine tulilosita kuliandika. Tangu tuanze kuuliza, wazazi walezi wengine wametufuata pembeni kutuambia yao, wakituomba tusiwataje. Wanaogopa kupoteza vibali vyao, au kuonekana wasumbufu na watoto walio nao sasa wakaondolewa. Mmoja alituambia amejifunza kutombeba mtoto afisa akiwapo, asije akaandikwa kuwa amemzoea. Tafakarini mfumo unaomfundisha mlezi kumweka mtoto chini akisikia hodi. Wale wenye moyo wa kazi hii wataiacha. Watakaobaki ni wale wasioumia mtoto akiondoka, na hatujui kama hao ndio mnaowataka.

Tunachoomba ni hiki. Tupeni sababu ya kumwondoa kwa maandishi, iliyotiwa saini na mwenye mamlaka, ili iweze kujibiwa na kupitiwa na mahakama. Mwiteni mtaalamu wa makuzi ya watoto asiye na upande amwone mtoto sasa, wala si baada ya kikao kijacho, na asikilize pande zote: mama yake, walezi wapya na sisi. Wakati hayo yakiendelea turuhusiwe kumwona, hata kwa muda mfupi, hata mbele ya afisa wenu, ajue kwamba hatukumtupa. Mtaalamu akisema arudi kwetu mpaka mama awe tayari, tutampokea siku hiyo hiyo. Akisema abaki alipo kwa sababu kumhamisha tena kutamzidishia, tutaumia, na tutakubali, mradi tusifutwe katika maisha yake. Na mama akiwa tayari kesho, mpelekeni kwa mama, kwa hatua, mkitutumia kama daraja ikiwa tutafaa.

Kwa mahakimu tuna ombi moja la ziada. Afisa anapoleta ombi la kumhamisha mtoto kutoka kwa walezi aliokaa nao muda mrefu, na hakuna hatari ya haraka, muulizeni walezi hao wako wapi, na kwa nini hawamo chumbani. Hatuombi kuwa na kauli ya mwisho. Tunaomba kuwa mashahidi, kwa sababu yako mambo ambayo mahakama haiwezi kuyapata kwa mtu mwingine.

Na sheria za ndani zirekebishwe ili uhamisho usio wa dharura utanguliwe na notisi ya maandishi, na mlezi aweze kuupinga kabla haujatekelezwa. Kuupinga mtoto akiwa ameshaondoka ni kazi bure, kama tunavyojionea.

Tunapatikana siku yoyote na saa yoyote mtakayotupangia, pamoja au mmoja mmoja. Mama wa mtoto amesema naye yuko tayari kuja. Nakala ya pili ya daftari la dawa tumeiandaa, ina ukurasa wa mazoea ya usiku. Tuambieni tuikabidhi kwa nani, atusainie kwamba ameipokea.

Wenu katika kumlea,

Wazazi walezi